Kijana Anayejidhuru na Kujiona Duni: Wajibu wa Wazazi na Familia

Sifa zote njema ni za Allah, na rehma na amani zimfikie Mtume Muhammad, Aali zake na Swahaba zake. Ama baad:

Yanatufikia maswali ya wazazi, Unguja na Pemba, waliogundua kuwa mtoto wao anajijeruhi kwa siri. Wengi huuliza: je, imani yake imeharibika? Tunaeleza hapa kwa ufupi hukumu yake na yanayopasa kufanywa nyumbani.

Hukumu yake

Mwili ni amana. Allah amekataza kujiua katika Suratun-Nisaa, aya ya 29, na kujitia katika maangamizi katika Suratul-Baqara, aya ya 195. Kwa hivyo kujidhuru ni haramu. Lakini hukumu ya kitendo ni kitu kimoja, na hali ya mtendaji ni kitu chengine. Aliyezidiwa na dhiki au maradhi ya nafsi hachukuliwi kama anayeasi kwa jeuri. Mzazi si kadhi wa mwanawe.

Bibi Maryam, amani iwe juu yake, uchungu ulipomshika alitamani angekuwa amekufa kabla ya siku ile. Hakukemewa. Aliambiwa asihuzunike, akapewa maji na tende. Yamo katika Surat Maryam, kuanzia aya ya 23.

Sababu na dalili

Mara nyingi kijana huyu hatafuti kifo. Maumivu ya moyo yamemshinda, naye hupata nafuu ya muda mfupi katika maumivu ya mwili. Kisha humjia aibu, na aibu humrudisha palepale. Chanzo huweza kuwa udhalilishaji aliofanyiwa, kuchekwa skuli, ugomvi wa wazazi, kufeli mtihani, au kuambiwa kila siku kuwa hafai.

Mtoto wa kiume huvaa mikono mirefu hata kwenye mpira wakati wa joto la kaskazi. Wa kike hujificha akitawadha hata mbele ya mama na dada zake. Wengine hujitenga, hukosa usingizi, au husema wao ni mzigo kwa watu.

Yasiyofaa

Asipigwe, wala asitangazwe kwa jamaa. Asiapishwe Msahafu kuwa hatorudia: akiteleza atabeba hofu ya kiapo juu ya dhiki aliyonayo, na safari hii ataficha zaidi. Asiozwe kwa kudhani ndoa itamtuliza. Kumsomea ruqya ni jambo jema, ila kusiwe badala ya tiba; na kumfunga au kumchapa si ruqya.

Yanayofaa

Mmoja anayemuamini, awe mama, baba, bibi au shangazi, akae naye faraghani amwambie: "Mwanangu, nimeona, na sikukasirikii. Nieleze." Kisha asikilize bila ya kukatiza. Amuulize wazi iwapo anafikiria kufa. Kuuliza hakumtii wazo hilo, bali humfungulia mlango wa kusema. Vitu vya hatari viondolewe karibu naye.

Heshima yake irudishwe kwa vitendo. Swahaba Zahir, mtu wa shamba ambaye hakuwa na sura ya kupendeza, alijiita bidhaa isiyo na soko. Mtume (Swalla Allahu alayhi wa sallam), aliyekuwa amemkumbatia pale sokoni, alimjibu kuwa kwa Allah yeye ana thamani. Basi tuache kumlinganisha mtoto na binamu zake, tumpe kazi anayoiweza, na tumshukuru akiifanya.

Udhu na Sala

Wapo wanaoacha Sala kwa sababu ya majeraha. Asiache. Katika madhehebu ya Imam Shafi, mwenye bendeji ambayo kuiondoa kutamdhuru huosha sehemu iliyo nzima, hupangusa kwa maji juu ya bendeji, na hutayamamu kwa ajili ya sehemu iliyojeruhiwa. Apewe nafasi ya kutawadha peke yake, na mwalimu amfafanulie yaliyobaki.

Tiba na siri

Mtume ametuamrisha tujitibu. Kumpeleka kwa daktari si kufichua aibu, kwani kusitiri hakumaanishi kumuacha mgonjwa aangamie. Aanzie kituo cha afya kilicho karibu au hospitali ya wilaya. Kwa Unguja ipo pia hospitali ya Kidongo Chekundu inayotibu maradhi ya akili. Simu ya watoto 116 hupigwa bila malipo. Ikiwa amefanyiwa udhalilishaji, mkosaji ashitakiwe, wala kesi isimalizwe kifamilia.

Akisema anataka kufa, au jeraha likiwa kubwa, asiachwe peke yake hata kidogo, na apelekwe hospitali saa ileile, hata kama ni usiku. Hapo hakuna siri ya kutunza. Hata aliyekuahidisha usimwambie mtu, uhai wake unatangulia ahadi hiyo.

Kupona huchukua muda, na huenda akarudia. Akirudia, apokelewe kama mara ya kwanza.

Tunamuomba Allah awaponye vijana wetu na awape wazazi subira. Na Allah ndiye Mjuzi zaidi.