Cheo cha Nchi na Mwaka wa Kizio

Aprili 2014 Nigeria iliipita Afrika Kusini na kutangazwa kuwa nchi yenye uchumi mkubwa kuliko zote barani Afrika. Cheo hicho hakikuletwa na kiwanda kipya wala kisima kipya cha mafuta. Ofisi ya takwimu ya nchi hiyo ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 1990 hadi 2010. Simu za mkononi na filamu, ambazo hesabu ya zamani haikuzipa uzito wake, zikahesabiwa ipasavyo, na Pato la Taifa la 2013 likaongezeka kwa takriban asilimia 89.

Huwafundisha wanafunzi wangu kupanga nchi kwa nafasi, mwaka hadi mwaka, kwa programu kama R au Stata. Kazi yenyewe ni nyepesi: data hugawanywa kwa miaka, kisha kila mwaka nchi hupangwa kuanzia yenye pato kubwa hadi yenye pato dogo. Lakini programu haijui kwamba kati ya mwaka mmoja na mwingine kipimo kimebadilika. Zaidi ya hayo, takwimu za nyuma nazo husahihishwa; anayepakua leo namba za 2012 haoni kile alichokiona mtunga sera wa 2012.

Nigeria haiko peke yake. Ghana, Novemba 2010, ilihama kutoka 1993 hadi 2006. Pato lake likapanda kwa zaidi ya asilimia 60, nayo ikaingia kundi la kipato cha kati. Kenya ikafuata njia hiyo Septemba 2014, kwa ongezeko la takriban asilimia 25.

Marekebisho haya ni halali, tena ni ya lazima. Hata hivyo, yana matokeo ya kisiasa. Pato likikua kwenye karatasi, uwiano wa deni kwa pato hushuka bila senti moja kulipwa, na serikali hupata hoja ya kukopa zaidi. Uwiano wa kodi nao hushuka, ingawa mlipakodi hakupunguziwa chochote. Wakati huohuo, nchi husogea mbali na mikopo yenye masharti nafuu.

Kwa hiyo, kila jedwali la nafasi lahitaji safu mbili zaidi: mwaka wa kizio na tarehe ya kupakua data. Bila hizo, mabadiliko ya hesabu yatasomwa kama mabadiliko ya maisha, na bajeti itajengwa juu ya kosa hilo.