UZI: Mlango wa kuacha kichanga bila kutaja jina, na historia tunayoisahau kila mjadala ukianza

Kichanga kikiokotwa kwenye jaa la taka au choo cha shimo, saa moja haipiti kabla mtandao kugawanyika. Kuna wa "huyo mama atafutwe, afungwe." Kuna wa "si tuwe na sheria kama ya Marekani, mtu aache mtoto hospitalini asiulizwe kitu?" Mheshimiwa fulani anatoa taarifa, watu wake wanashangilia, na kufikia wikendi tumesahau. Uzi huu hauna chama. Nataka tuangalie sheria hizi zilitoka wapi, kwa sababu zimejaribiwa kwa karne kadhaa na matokeo yake yameandikwa.

Tuanze London. Nina sababu ya kuanzia huko, utaiona.

Mwaka 1624 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyomlenga mama asiye na mume. Akijifungua kwa siri, mtoto afe, na mama afiche kifo hicho, ilichukuliwa moja kwa moja kwamba amemuua. Serikali haikuwa na kazi ya kuthibitisha. Yeye ndiye alipaswa kuleta angalau shahidi mmoja wa kusema mtoto alizaliwa akiwa amekufa. Shahidi atoke wapi, na alijifungua peke yake gizani? Adhabu ilikuwa kitanzi.

Sheria hiyo ilifutwa 1803. Mahali pake likabaki kosa dogo la kuficha uzazi, kifungo kisichozidi miaka miwili. Na kosa hilo dogo likapanda meli na wakoloni. Fungua Sura ya 63 ya sheria za Kenya, kifungu cha 227. Liko hapo mpaka leo.

Sasa shika hiyo, tuendelee.

Wakati kitanzi kingali kinaning'inia, alikuwepo nahodha mstaafu aitwaye Thomas Coram. Akitembea kuingia London alikuwa akiona watoto wametupwa kando ya njia, wengine wamekufa, wengine wako karibu. Alizunguka akiomba saini za wakubwa kwa miaka 17 kabla ya kupewa hati ya kifalme mwaka 1739. Mwaka 1741 Foundling Hospital ikafungua mlango. Mama hakuulizwa jina. Watoto 30 waliingia usiku wa kwanza, nafasi zikaisha, na akina mama waliobaki nje wakarudi walikotoka na watoto wao.

Akina mama walipozidi, ikaletwa bahati nasibu. Unaingiza mkono kwenye mfuko, unatoa kidude cha mviringo. Cheupe, mtoto anaingia akipita vipimo vya afya. Chekundu, subiri, labda nafasi itapatikana. Cheusi, ondoka. Mbele ya watu, bana, na wengine walikuja kutazama kama sinema.

Kila mtoto aliandikiwa karatasi, na mara nyingi ikapachikwa kipande cha kitambaa kilichokatwa kwenye nguo zake, au mama akaacha sarafu iliyochorwa, utepe, kitu chochote. Hiyo ilikuwa ndiyo namna ya kumtambua mtoto siku mama akirudi. Vipande hivyo vimehifadhiwa, ni maelfu. Lakini kati ya watoto zaidi ya 16,000 walioingia kutoka 1741 hadi 1760, waliorudiwa na wenyewe ni 152.

Kwa nini maelfu yote hayo? Hapa ndipo wanasiasa waliingia, na hapa usisome haraka.

Mwaka 1756 Bunge lilitoa pauni 10,000 kwa sharti moja: pokea kila mtoto anayeletwa. Siku ya kwanza, tarehe 2 Juni, waliletwa 117. Kikapu kiliwekwa langoni, unaweka mtoto, unapiga kengele, unaenda zako. Ndani ya miaka isiyofika minne watoto karibu 15,000 walipokelewa. Wasimamizi wa parokia mashambani, waliotakiwa na sheria kulisha maskini wao, waliona njia rahisi ya kupunguza gharama: walilipa wachukuzi wawapeleke watoto London. Wengine walifia njiani. Na kati ya waliofika, takriban theluthi mbili walikufa mikononi mwa taasisi.

Hakuna aliyewaua kwa kusudi. Wanyonyeshaji wa kulipwa hawakutosha, watoto walifika wakiwa dhaifu, magonjwa yakapita kama moto kwenye nyasi. Bunge lililofungua mlango kwa kishindo likashtushwa na bili, na mwaka 1760 likazima utaratibu huo. Baadaye mama alitakiwa kuandika ombi, aeleze alivyopata mimba, na aonyeshe alikuwa mwenye heshima kabla ya hapo. Siri ikaisha.

Ufaransa walipita njia hiyo hiyo kwa mwendo mrefu zaidi. Amri ya 1811 ilitaka hospitali za watoto wa kuokotwa ziwe na kasha la duara linalozunguka ukutani: unaweka mtoto upande wa barabara, unalisukuma, anatokea ndani, na hakuna anayeona uso wa mwenzake. Idadi ya watoto ikapanda hadi wilaya zikalia. Maafisa wakagundua kwamba baadhi ya akina mama waliweka mtoto kwenye kasha, kisha wakapanga kuajiriwa kumnyonyesha mtoto huyo huyo kwa pesa za serikali.

Wakaita huo ulaghai. Mimi naona ni taarifa. Mama aliyefanya hivyo alikuwa anakwambia hataki kumwacha mtoto, anachokosa ni chakula. Serikali ilijibu kwa kuwahamisha watoto wilaya nyingine ili mama asijue mtoto yuko wapi, na wengi walipopata fununu ya uhamisho walikimbia kuwachukua. Makasha yalifungwa moja baada ya jingine, na sheria ya 1904 ikaweka ofisi iliyo wazi mahali pake, ambapo mama angeweza bado kukataa kutaja jina lakini kwanza alikutana na mtu wa kuzungumza naye, akielezwa msaada uliopo.

Sasa Marekani, maana ndiyo hutajwa sana hapa. Texas ilikuwa ya kwanza, mwaka 1999, baada ya msururu wa vichanga kuokotwa eneo la Houston. Kimsingi ni kwamba ukimkabidhi mtoto mchanga asiye na madhara kwa hospitali au kituo cha zimamoto, hushtakiwi. Kufikia 2008 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria ya aina hiyo, ila umri wa mtoto unatofautiana, kuanzia siku chache hadi mwaka mmoja.

Jimbo la mwisho, Nebraska, liliandika "mtoto" bila kutaja umri. Neno moja. Ndani ya miezi michache walikuwa wameletwa watoto zaidi ya 30, na hakuna hata mmoja aliyekuwa kichanga. Wengi walikuwa vijana wa miaka kumi na kitu, wengine wenye matatizo ya akili ambayo wazazi wao walikuwa wameshindwa kupata tiba yake. Baba mmoja alileta tisa kwa siku moja. Wengine waliendeshwa kutoka majimbo mengine kabisa. Bunge la jimbo likaitwa kikao maalum mwezi Novemba na kuweka kikomo cha siku 30. Wale wazazi wa vijana walirudi nyumbani na shida ile ile.

Na ukisikia mtu hapa akitumia sheria hizo kwenye mabishano ya utoaji mimba, ujue hakubuni. Uamuzi wa mahakama ya juu ya Marekani wa 2022 ulizitaja. Hiyo ni hoja ya kwao. Sheria ya Texas ya 1999 iliandikwa kwa sababu ya vichanga waliookotwa.

Kuna upande ambao karibu kila uzi wa aina hii huuruka: mtoto hukua. Ufaransa mwanamke anaweza kujifungua hospitalini bila jina lake kuandikwa, utaratibu uliowekewa msingi na amri ya 1941. Mwanamke aliyezaliwa hivyo mwaka 1965 alipeleka kesi hadi mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya akitaka kujua mama yake ni nani. Mwaka 2003 alishindwa, majaji 10 kwa 7. Ujerumani, baada ya miaka ya visanduku vya vichanga, ilipitisha utaratibu mwingine ulioanza 2014: mama anajifungua kwa jina la kubuni, jina la kweli linafungiwa, na mtoto akifika miaka 16 anaweza kuomba kuliona. Mama akipinga, mahakama inaamua. Kama ningeulizwa, hapo ndipo ningesimama. Siri ya mama kwa jirani, chifu na mama mkwe ni jambo moja. Kulichoma jina lisipatikane milele ni jingine.

Tukirudi nyumbani: kwa Waingereza tulirithi kosa la 1803. Mlango wa Coram hatukurithi. Msichana wa kidato cha pili aliyejifungua usiku bafuni anajua kitu kimoja kuhusu serikali, kwamba inaweza kumfunga. Kumpa mtoto kwa kuasili kunawezekana, lakini idhini ya mama inasubiri mtoto afikishe wiki sita, na anapaswa kujitambulisha. Wiki sita, na yeye ana usiku mmoja.

Katiba ya 2010 yenyewe ilimkumbuka mtoto. Kifungu cha 14(4) kinasema mtoto anayepatikana Kenya, akionekana hajafika miaka minane na wazazi wake hawajulikani, atachukuliwa kuwa raia wa kuzaliwa. Kwa hiyo mtoto aliyetupwa ana uraia tangu dakika ya kuokotwa. Mama anayetaka kumleta mwenyewe, akiwa hai na amefungwa kwenye leso, hana kifungu hata kimoja kinachomhakikishia kwamba hatakamatwa mlangoni.