Ufagio Ulimsomesha Nani?

Nilipokuwa shule ya bweni, kila alfajiri tulifagia uwanja kabla ya uji. Matroni alikuwa na sababu moja tu: "Mtakuja kuolewa nyie." Nilifagia miaka minne nikiamini kwamba shule za wasichana zilianzishwa kwa ajili hiyo.

Kisha, nikisomea shahada ya uzamili katika historia, nikakutana na Mary Lyon. Alizaliwa mwaka 1797 katika familia ya wakulima huko Buckland, Massachusetts, Marekani. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka mitano. Alipoanza kufundisha, akiwa na miaka 17, alilipwa senti 75 kwa wiki. Shule nzuri za wasichana zilikuwepo, ila ada zake zilikuwa za wenye nacho.

Mwaka 1834 Lyon akaanza kuchangisha fedha. Wanawake wa mji wa Ipswich walitangulia, wakatoa karibu dola 1,000. Akazunguka vijijini na mfuko wake wa mahameli ya kijani, akiomba. Tarehe 8 Novemba 1837, Seminari ya Mount Holyoke ikafunguliwa katika mji wa South Hadley. Lyon mwenyewe alifundisha kemia. Ada, pamoja na chakula na malazi, ilikuwa dola 60 kwa mwaka.

Aliwezaje? Hakuajiri watumishi. Wanafunzi walipika, wakaosha vyombo na kufagia, takribani saa moja kwa siku. Lakini Lyon alisisitiza kwamba shule yake haikukusudia kufundisha kazi za nyumbani. Hizo binti alifundishwa na mama yake. Ufagio ulikuwepo ili ada ishuke, na binti wa mkulima naye asome kemia.

Simsifu bila kusita. Unafuu ule ulibebwa na wanawake wenyewe: walimu walikubali mishahara midogo, na Lyon alijilipa dola 200 kwa mwaka. Hata hivyo, kila mmoja alijua jasho lake linamlipia nani.

Mama yangu aliuza ng'ombe wawili ili nimalize kidato cha nne. Asubuhi zote zile nilizofagia hazikumpunguzia hata shilingi moja. Nikikutana tena na matroni, nitamwamkia kwa heshima, kisha nimuulize: ufagio ule ulimsomesha nani?