Dawa ya kifua kikuu inavyodhoofisha dawa za kuvu

Mgonjwa wa kifua kikuu akiandikiwa pia dawa ya kuvu, huenda akaimeza bure. Sababu ni rifampisini, ile dawa inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa, ambayo katika matibabu ya kawaida humezwa miezi yote sita.

Ini hutumia vimeng'enya kuvunjavunja dawa ili zitoke mwilini. Rifampisini hulichochea kutengeneza vimeng'enya hivyo kwa wingi kupita kawaida, na dawa ya kuvu huondolewa kwenye damu kabla ya kumaliza kazi yake.

Athari hazilingani. Itrakonazoli hupungua hata ikakaribia kutoweka katika damu, na vorikonazoli haifai kabisa kuchanganywa na rifampisini. Ketokonazoli pia huporomoka. Lakini vidonge vyake, ambavyo shirika la kudhibiti dawa la Ulaya lilipendekeza mwaka wa 2013 visimamishwe kwa kudhuru ini, havistahili kumezwa kwa ajili ya choa hata na asiye na kifua kikuu. Flukonazoli hustahimili zaidi, kwani hupungua kwa takriban robo.

Kwa mwenye utando mweupe mdomoni, robo hiyo huenda isiwe neno. Kwa anayeishi na virusi vya Ukimwi akapatwa na homa ya uti wa mgongo inayoletwa na kuvu wa kriptokoka, ugonjwa unaoua upesi, ni suala la uhai. Hapo daktari huweza kuongeza kipimo cha flukonazoli. Amfoterisini B, inayotiwa mshipani, haiathiriwi na vimeng'enya hivyo, ingawa huweza kuumiza figo.

Kutenganisha saa za kumeza hakuliondoi tatizo. Ini lililochochewa hubaki hivyo kwa takriban wiki mbili hata baada ya rifampisini kukoma, ndipo kipimo kilichoongezwa hurekebishwa. Baya zaidi ni mgonjwa kuiacha rifampisini kwa uamuzi wake, maana hapo ndipo usugu wa kifua kikuu huzaliwa.

Krimu za kupaka hazina taabu hii. Vidonge ndivyo vya kuulizia, na anayevinunua katika duka la dawa hana budi kumweleza mfamasia kwamba yumo katika matibabu ya kifua kikuu. Macho yakigeuka manjano, arudi kliniki siku hiyo hiyo, kwa kuwa dawa za pande zote mbili huweza kulidhuru ini.