Kusutwa na Roho: Mkristo Hujibuje?

Msomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka kamili mwaka 1952, hukutana na neno la kumsimamisha kidogo katika Yohana 16:8. Yesu anaeleza hapo kwamba Roho Mtakatifu atauhakikisha ulimwengu kuhusu dhambi. Katika Kiswahili cha leo tunahakikisha mlango umefungwa, au nauli inatosha. Neno la Kigiriki lililo nyuma yake, elenkho, ni zito zaidi: ni kufichua kosa, kumwonyesha mtu alilotenda hadi asibakiwe na la kujitetea. Luka, katika Matendo 2, anatazama jambo hilohilo kutoka upande wa anayeguswa. Waliomsikia Petro siku ya Pentekoste walichomwa mioyo, kisha wakauliza wafanye nini. Makanisani kwetu watu husema "nimeguswa", au "Roho amenisuta". Mimi naona kusutwa ndilo neno linalofaa kuliko yote, kwa sababu anayesutwa huwekewa ushahidi mbele ya macho yake, na ushahidi huo unamhusu yeye, si jirani yake.

Si kila uchungu wa moyo unatoka kwa Roho. Hapa waumini wengi huumia bure. Kuna mashtaka yasiyo na jina: mtu anaamka akijiona mchafu, hafai, Mungu amemchoka, na ukimuuliza amekosa nini hana jibu. Mashtaka ya namna hiyo humfukuza mtu mbele za Mungu. Roho hutaja jambo. Nabii Nathani hakumwambia mfalme Daudi kwamba yeye ni mtu mbaya kwa jumla. Alimpa kisa cha mwanakondoo wa maskini, kisha akamwonyesha kwamba mtu yule ni yeye, na kwamba neno lenyewe ni Uria na mkewe. Petro na Yuda wote wawili walijuta baada ya Yesu kukamatwa. Mmoja alilia akabaki karibu na wenzake hadi Bwana alipomrudia. Mwingine alirudisha vipande 30 vya fedha kwa makuhani, akaenda peke yake. Paulo anazitofautisha huzuni hizo mbili katika 2 Wakorintho 7: ya kwanza huzaa toba, ya pili huzaa mauti. Anayetaka kuzipima ndani yake atazame zinakompeleka.

Afrika Mashariki tuna mfano mkubwa wa watu waliojifunza pamoja kulijibu suto hilo: Uamsho ulioanzia Rwanda na Uganda, ambao watu wake Waganda waliwaita Balokole, yaani waliookoka. Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, karibu na ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, alifika Kampala amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoipiga nchi ile. Kwenye kilima cha Namirembe alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda aliyekuwa na njaa ileile ya Mungu. Walikaa siku mbili wakisoma Maandiko na kuomba. Daktari alirudi Gahini mtu mwingine, na kwa kuwa alikuwa mtu mwingine, matatizo ya hospitali yakaanza kuonekana waziwazi.

Yosiya Kinuka, kiongozi wa wauguzi Waafrika pale Gahini, hakuyapenda mabadiliko hayo. Alifunga safari hadi kwa Nsibambi akiwa na malalamiko yake kuhusu hospitali na jinsi mambo yalivyoharibika. Nsibambi alimsikiliza, kisha akamgeuzia swali: je, shida haikuwa ndani ya moyo wa Yosiya mwenyewe? Kinuka alianza safari ya kurudi, mwendo mrefu wa barabara mbovu, na katika safari hiyo akasalimu amri. Alipofika aliungama mbele ya wafanyakazi wenzake. Kisa hiki nakipenda kwa sababu ya safari ile. Suto lilimjia nyumbani kwa Nsibambi, jibu likapatikana njiani, lakini mambo hayakutengemaa mpaka alipofika walipokuwa watu aliowakosea.

Mwishoni mwa 1933, katika mkutano wa maombi huko Gahini, mtu mmoja alisimama akaungama, mwingine akafuata, na kikao kikaendelea kwa muda mrefu. Kuanzia hapo vikundi vya mashahidi vilisafiri: Kigezi nchini Uganda mwaka 1935, Kabete nchini Kenya mwaka 1937, Katoke kaskazini-magharibi mwa Tanganyika mwaka 1939. Bukoba moto huo uliwaingia Walutheri pia. Josiah Kibira, aliyekuja kuwa askofu huko na rais wa Shirikisho la Kilutheri Duniani mwaka 1977 hadi 1984, alikuwa mtu wa Uamsho.

Ndugu hawa wa Uamsho walikuwa na maneno yao. "Kutembea nuruni", kutoka waraka wa kwanza wa Yohana, kulimaanisha kutofichana. "Kuvunjika" kulimaanisha kuacha kujitetea. "Kutengeneza" kulimaanisha kurudi ulikoharibu ukapaweka sawa. Hili la mwisho ndilo lililowashangaza hata wasioamini. Watu walirudisha mashuka ya hospitali, majembe ya misheni, ng'ombe wa jirani. Wengine walikwenda kwa maofisa wa serikali kulipa kodi waliyoikwepa. Msingi wake ni wa kale. Hesabu 5 inaagiza aliyemkosea mwenzake aungame, arudishe kitu chote, na kuongeza sehemu ya tano. Zakayo alijipandishia mwenyewe hadi mara nne. Wala kulipa huko hakukununua msamaha, maana waliamini kwamba damu ya Yesu imeshalipa. Walilipa kama watu waliokwisha kusamehewa na ambao sasa hawana cha kuogopa.

Niliwahi kukaa kwenye benchi la ushirika wa namna hiyo huko Karagwe, alasiri moja ya mvua, vumbi la uwanjani limelala na miavuli imeegemezwa ukutani. Mama mmoja muuza maharage alisimama. Alisema kwamba kwa misimu miwili amekuwa akipimia kwa debe lililobonyezwa kitako, na kwamba alikuwa amelibonyeza yeye mwenyewe kwa jiwe. Hakulia. Alifungua fundo la khanga, akahesabu noti, akavuka chumba akampa mama aliyekuwa mteja wake, kisha akataja majina ya wengine wanne ambao angewapitia kesho yake. Mtu akaanzisha Tukutendereza, wimbo wa Kiganda ambao ndugu wa lugha zote waliufanya wao, nasi tukasimama. Aliyelipwa alikuwa bado ameshika zile noti, hajui azifanyie nini.

Uamsho haukukosa maumivu. Mwezi Oktoba 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika chuo cha Bishop Tucker, Mukono, miongoni mwao William Nagenda, kwa sababu hawakukubali kuacha mikutano yao ya alfajiri na mahubiri ya kuwakemea wengine. Wakuu wa chuo waliona utovu wa nidhamu, wanafunzi waliona amri ya Mungu. Nadhani pande zote mbili zilikuwa na la kujifunza, kwa maana mtu aliyesutwa leo hujaribiwa kesho kuwasuta wenzake kwa sauti kubwa kuliko ile iliyomsuta yeye. Yako pia maungamo yaliyofanywa mbele ya wasiohusika, hasa ya uzinzi, yakavunja nyumba na kuwaaibisha watu ambao hawakuombwa ruhusa. Kanuni ya busara ni kwamba ungamo lisivuke mipaka ya kosa. Dhambi ya moyoni huungamwa kwa Mungu. Iliyomuumiza mtu mmoja hupelekwa kwa mtu huyo. Iliyolikwaza kanisa zima husemwa kanisani. Mathayo 5 inamtuma mwenye sadaka aiache madhabahuni akapatane kwanza na ndugu yake, na aendako ni kwa ndugu huyo, sio uwanjani.

Kuna jibu jingine ambalo halionekani kuwa jibu: kuahirisha. Liwali Feliksi, katika Matendo 24, alimsikiliza Paulo akinena juu ya haki, kiasi na hukumu ijayo, akaingiwa na hofu. Alimwambia aende zake, atamwita akipata nafasi. Alimwita mara nyingi kwa miaka miwili, akitumaini kupewa rushwa, na hofu ile ya kwanza hatuisomi tena. Moyo uliosutwa ukanyamaza haugandi mahali pamoja, huzoea.

Festo Kivengere, mtu mwingine wa Uamsho, hakuahirisha. Aliguswa mwaka 1941 akiwa mwalimu kijana Kigezi. Alisimulia kwamba muda si mrefu alisutwa kuhusu chuki yake kwa mmisionari mmoja Mzungu, akapanda baiskeli akaenda maili 50 hivi kumwomba msamaha. Miaka 36 baadaye alikuwa askofu mkimbizi. Askofu mkuu wa Uganda, Janani Luwum, alikuwa ameuawa mwezi Februari 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, na Kivengere alivuka mpaka usiku kwa miguu na mkewe, kupitia milimani hadi Rwanda. Ijumaa Kuu ya mwaka huohuo aliketi kanisani mjini London, mhubiri akieleza jinsi Yesu alivyowaombea waliomsulubisha. Hapo askofu akaona kwamba moyo wake umekuwa mgumu kwa Amin. Hasira yake ilikuwa na sababu zote, na hakuna aliyekuwa akimlaumu. Alimwomba Mungu amsamehe, na kitabu alichokitoa mwaka huo alikiita kwa maneno yanayosema kwamba anampenda Idi Amin.