Habari za Shule ya Paris Iliyochagua Walimu

Kila mahali watu wanapohesabu miaka ya shule zao, husikika swali moja: Ni nani afaaye kuwa mwalimu? Wako wasemao, Mtoto mwenye akili nyingi na awe daktari au mwanasheria, na yule aliyebaki nyuma na afundishe. Wafransa walilijibu swali hili kwa njia nyingine, wakatafuta vijana wenye akili kuliko wote ili wawafanye walimu. Twapenda kuwasimulia wasomaji wetu habari hizi, maana zina faida, tena zina maonyo.

Mwaka 1789 yalianza mapinduzi makubwa katika nchi ya Ufaransa, na shule nyingi zilizoongozwa na mapadre na watawa zikavunjika. Walipotaka kuzijenga upya, waliona kwamba walimu hawapo. Basi tarehe 30 Oktoba 1794 baraza lao kuu lilitoa sheria ya kuanzisha shule moja katika mji wa Paris, ikaitwa École normale. Asili ya jina hili ni neno la Kilatini, norma, yaani kipimo cha seremala cha kusawazishia pembe. Walitaka shule hiyo iwe kipimo cha shule zote. Kila wilaya iliagizwa kupeleka mtu mmoja kwa hesabu ya kila watu 20,000, mwenye elimu na mwendo mwema, wala asipungue miaka 21. Watu hao wakiisha kufundishwa, walipaswa kurudi kwao na kuwafundisha walimu wengine.

Masomo yalianza tarehe 20 Januari 1795, na wanafunzi walipata 1,400. Waliowafundisha walikuwa mabingwa waliosifiwa katika Ulaya nzima: Lagrange na Laplace kwa hesabu, Monge kwa jiometri, Berthollet kwa kemia. Walakini kazi haikudumu. Ukumbi haukuwatosha, baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, mkate ulikuwa ghali, na fedha waliyopewa wanafunzi ilizidi kupungua thamani. Tena mabingwa wale walinena mambo ya juu, na wengi walisikiliza wasifahamu. Njia ya kumfundisha mtoto mdogo haikupewa nafasi ya kutosha. Mwezi wa Mei mwaka ule ule shule ikafungwa.

Hata mwaka 1808 Kaisari Napoleon akaifufua kwa namna nyingine. Safari hii hawakutakiwa watu wengi wa kusikiliza ukumbini kwa miezi michache, bali vijana wateule wasiozidi 300, wakae pamoja bwenini na kujifunza ufundi wa kufundisha. Kila mmoja alijifunga kuitumikia kazi ya ualimu muda usiopungua miaka 10. Shule ilifunguliwa mwaka 1810. Ikapata misukosuko: mwaka 1822 serikali iliifunga, mwaka 1826 ikarudi kwa jina jingine, na mwaka 1830 ikarudishiwa jina lake. Mwaka 1847 ilihamia katika njia iitwayo rue d'Ulm, nayo iko huko hata leo.

Mlango wa shule hii ni mtihani wa mashindano. Mwaka 1842 Louis Pasteur, mwana wa mtengeneza ngozi, alifaulu mtihani huo, lakini hakupendezwa na nafasi aliyoipata, akaenda kusoma tena. Mwaka 1843 akaingia kwa nafasi iliyo bora. Baadaye alifundisha, na mwaka 1857 akarudi katika shule ile ile kuwa msimamizi wa masomo ya sayansi. Wasichana nao walipewa shule yao huko Sèvres mwaka 1881, na tangu mwaka 1900 Marie Curie aliwafundisha fizikia. Shule hizo mbili ziliunganishwa mwaka 1985.

Sasa tuseme na maonyo yake. Vijana wa rue d'Ulm walitayarishwa kwa ajili ya shule za juu, ziitwazo lycée. Walimu wa shule za chini waliwekewa vyuo vingine kwa sheria ya mwaka 1833, iliyoagiza kila jimbo liwe na chuo chake, au lishirikiane na jirani. Vyuo hivyo vilifanya kazi kubwa, lakini sifa yao haikulingana na sifa ya shule ya Paris. Hivyo heshima ilimfikia mwalimu wa mjini kuliko yule aliyemfundisha mtoto wa mkulima herufi za kwanza. Tena, tangu mwaka 1948 wanafunzi wa shule ile hulipwa mshahara na serikali, na deni la miaka 10 lipo. Walakini waweza kulilipa kwa kazi nyingine za serikali, na wengi hufuata utafiti na vyuo vikuu. Utafiti ni kazi njema, lakini mtoto aliye darasani angali anamngoja mwalimu wake.

Basi twajifunza nini? Wahenga wetu walisema, Chanda chema huvikwa pete. Wafransa walimvika pete mwalimu: walimchagua kwa mtihani mgumu, wakamlisha, wakamfundisha, wakamdai utumishi. Mwaka 1795 walikuwa na mabingwa tu, na shule ikafa. Walipoongeza uteuzi, maisha ya pamoja na ahadi ya miaka mingi, ilisimama. Lililobaki ni kuifikisha heshima hiyo mpaka darasa la kwanza la kijijini, maana huko ndiko kila msomi alikoanzia. Nanyi wazazi, mwanenu mwenye akili akiwaambia, Nataka kuwa mwalimu, msimjibu kwamba anazitupa akili zake.