Chuo cha Riyadha Mjini Lamu

Mji wa Lamu tangu zamani una pande mbili. Kaskazini ni Mkomani, penye majumba ya mawe ya waungwana. Kusini ni Langoni, ambako hapo kale nyumba nyingi zilikuwa za udongo na makuti. Chuo cha Riyadha kilizaliwa upande huo wa pili, wala haikuwa kwa bahati tu.

Mwasisi wake, Sayyid Saleh bin Alawy Jamalullail, ajulikanaye zaidi kwa jina la Habib Saleh, alitoka Ngazidja akahamia Lamu katika karne ya 19. Zama hizo elimu ya juu ya dini ilikuwa aghalabu urithi wa nasaba chache. Yeye aliwafundisha hata watumwa na wazao wao, ilhali utumwa haukufutwa katika mwambao wa Kenya hadi mwaka 1907. Wako wakubwa wa mji waliochukizwa na jambo hilo, kama walivyochukizwa na matwari yaliyopigwa katika Maulidi yake. Darasa lilianzia katika kibanda pembezoni mwa mji. Msikiti wa mawe ukafuata baadaye, mnamo mwaka 1900.

Kujenga kwa mawe hakukuwa jambo dogo. Katika ufundi wa Lamu, ukuta ni wa matumbawe na chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uamuao upana wa chumba, nao hauzidi sana mita 3. Atakaye ukumbi wa kukusanya watu wengi hana budi kusimamisha safu za nguzo. Kwa hiyo jiwe, ambalo Mkomani lilikuwa alama ya uungwana, huku Langoni liliwekwa juu ya vichwa vya wale walionyimwa uungwana huo.

Habib Saleh alifariki mwaka 1935. Wanafunzi wa Riyadha wameeneza elimu pande nyingi za Afrika Mashariki, na kila Mfunguo Sita wageni hufurika Lamu kwa Maulidi. Mji mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001. Yafaa basi tunapohifadhi majumba ya waungwana tukumbuke pia kibanda kile ambacho hakikusalia: kwani ndicho kilichofungua mlango, na kuta za mawe zilikuja kuulinda.